Chuma kinaganda chini ya tangi, EDTA inasaidia nini hasa?

mkulima_maji: Wadau habari zenu. Nalima letasi kwa haidroponiki, yaani kwenye maji bila udongo, maji ni ya kisima, pH (kipimo cha uasidi) inacheza kwenye 8 na ni magumu, sabuni haitoi povu kabisa. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, nikaambiwa chuma hakitoshi nikaweka salfeti ya chuma, kesho yake tope la rangi ya kutu limejaa chini ya tangi na majani yako vilevile. Muuza pembejeo anasema ninunue chuma cha EDTA, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali iitwayo EDTA, bei yake imechangamka. Kabla sijatoa hela, mwenye kemia yake anieleweshe, EDTA inafanya nini ambacho salfeti haifanyi?

ticha_kemia: Mkuu, ayoni ya chuma ikiwa kwenye maji inazungukwa na molekuli 6 za maji. Salfeti inakupa Fe2+, ikikutana na oksijeni inakuwa Fe3+, na kwa pH yako hidroksidi (ayoni za OH-, huwa nyingi pH ikipanda) zinachukua nafasi ya yale maji, ndo hilo tope, mmea hauwezi kulinywa. EDTA ni molekuli moja ila ina sehemu 6 za kushikia, oksijeni 4 na nitrojeni 2. Sehemu moja ikiachia, 5 bado zimeshika, kwa hiyo iliyoachia inarudi kabla chuma hakijaenda popote. Halafu inaingia EDTA moja, zinatoka molekuli za maji kibao, entropia (hali ya vitu kutawanyika) inapanda, na hiyo ndo inayofanya muungano uwe mgumu hivyo kuvunjika.

bwana_shamba: Ticha yuko sahihi lakini mkuu usikimbilie dukani, kwa pH 8 EDTA nayo itakuangusha. Ikishapita 6.5 hivi inaanza kuachia chuma.

mkulima_maji: Mbona nimeona jedwali, log K (kipimo cha nguvu ya EDTA kushika metali, kila namba moja ni mara 10) ya Fe3+ ni 25 na ya kalsiamu 10.7? Si chuma kinashikwa zaidi ya mara trilioni 100?

bwana_shamba: Swali zuri sana hilo. Zile namba zinapima chuma na EDTA tu, hidroksidi hazimo. pH ikipanda hidroksidi zinaivutia Fe3+ kwenye tope, huku kalsiamu ya maji yako, ambayo ni nyingi kuliko chuma mara nyingi mno, inaikalia EDTA iliyobaki wazi. Wanasaidiana kukuibia. Kuna ndugu zake EDTA wanaoshika chuma pia: DTPA inavumilia mpaka pH kama 7, EDDHA inapita hata 9 kwa sababu inashika kwa fenoli (oksijeni iliyofungwa kwenye pete ya kaboni), utaijua, maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela, ila bei ndo inauma zaidi. Mimi ningeshusha pH kwanza iwe 5.5 mpaka 6.2 kwa asidi ya fosfori au ya nitriki, kidogo kidogo maana bikaboneti itakurudisha juu, pima tena kesho yake, hapo EDTA ya kawaida inakutosha.

ticha_kemia: Na tangi lifunikwe, jua linaivunja EDTA iliyoshika chuma.