Sandwichi za nyama ya kusaga za Iowa: nyama yangu inatoka kavu tena mabonge, naombeni ushauri

Mama Zai
Assalam alaykum na habari zenu wapendwa. Naishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Huku kuna sandwichi wenyeji wanaipenda mno: nyama ya ng'ombe ya kusaga inapikwa ibaki chembechembe, haibanwi ikawa duara kama baga, inachotwa na kujazwa kwenye mkate laini, halafu haradali, kitunguu kibichi na matango ya siki. Unapewa na kijiko cha kuokotea inayodondoka. Wanangu wanasikia wenzao shuleni wakiisifia, ila sisi nyama yetu ni ya halali tu, kwa hiyo ya kwenye migahawa hawajaionja. Nataka waipate nyumbani, tena iwe ile yenyewe.

Napika kama nyama ya sambusa: kikaango cha moto, mafuta, kitunguu, chumvi, nakaanga mpaka ikauke. Inatoka mabonge magumu. Nikiiacha na maji kidogo, mkate unalowa na kukatika. Mapishi mengine niliyoyaona yanatia bia, hayo nimeyaweka kando. Jumamosi watoto wa madrasa wana shughuli, tutakuwa kama watu 40. Nisaidieni.

Mkongo wa Muscatine
Dada, umeuliza mahali penyewe. Mimi nafanya kazi ya nyama huku Iowa, kama wenzetu wengi kutoka Kongo na Burundi, na mji ninaokaa, Muscatine, ndiko Fred Angell alikoanzisha Maid-Rite, migahawa ya sandwichi hii, mwaka 1926. Yule mzee alikuwa mchinja nyama, na mapishi yenyewe yanakuonyesha hilo: hamna sosi, hamna viungo vya kufunika ladha, ni nyama tu na namna ya kuipika.

Kosa liko kwenye kukaanga. Nyama hii inachemshwa taratibu kwenye maji yake. Weka nyama mbichi kwenye sufuria BARIDI, mimina maji au supu ya nyama, kikombe kimoja kwa kilo moja. Kabla hujawasha moto, ivunjevunje ndani ya maji kwa mwiko au kiponda viazi mpaka iwe kama uji mzito. Usione kinyaa, ndiyo siri yote. Ndipo uwashe moto mdogo na uendelee kuiponda ikianza kubadilika rangi. Kitunguu kikatwe kidogo sana, kiingie mapema kiyeyukie humo. Nusu saa hadi dakika arobaini, maji yakipungua ukabaki na nyama yenye unyevu unaong'aa bila mchuzi kutuama chini, imeiva.

Jiko la Sayansi
Naongezea sababu, kwa kuwa ukijua sababu hutahitaji kukariri. Nyama hupata rangi ya kahawia na ganda gumu ikifika kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Ikiwa ndani ya maji haipiti 100, kwa hiyo inabaki laini na rangi yake ya kijivujivu. Kijivu hicho ndicho kinachotakiwa hapa, usijaribu kukirekebisha.

La pili ni chumvi. Ukiitia kwenye nyama mbichi ya kusaga kisha ukaivuruga, protini zinayeyuka na kunata, ndiyo maana soseji inashikamana. Wewe unataka kinyume chake. Chumvi itie nyama ikishavunjika na kuanza kuiva. Mabonge yako nadhani yametokana na mambo mawili kwa pamoja: kikaango cha moto kilichokausha nje kabla hujavunja ndani, na chumvi ya mapema.

dogo_wa_Kariakoo
Mbona nyanya hamjazitaja? Mimi ningetia nyanya ya kopo na kechapu, inakuwa na mchuzi mtamu kabisa.

Mkongo wa Muscatine
Hiyo ni sandwichi nyingine, mdogo wangu. Huku inaitwa sloppy joe, na watu wa Iowa hawapendi zikichanganywa. Ya nyanya mkate unaunywa mchuzi, hii inakaa kavu kwa nje na laini ndani. Anayetaka kechapu aipake mwenyewe kwenye mkate wake.

Bibi wa Chumbageni
Mwanangu, mimi sijafika huko, lakini nyama bila kitunguu saumu wala tangawizi itanuka shombo. Tia na bizari nyembamba kidogo na ndimu. Watoto watakula vizuri zaidi.

Mama Zai
Shikamoo bibi. Nyumbani kila siku ndivyo ninavyopika, na hivyo ndivyo watakavyoendelea kula. Hii nataka siku moja moja wale walichokisikia kwa wenzao, wakikizungumza shuleni wawe wanazungumza kitu kilekile.

Bibi wa Chumbageni
Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi pilipili manga isikosekane, na nyama iwe ya siku hiyohiyo.

Shemeji wa Ottumwa
Bibi kasema kweli, pilipili manga ni lazima. Wengine wanaongeza kijiko cha sosi ya Worcestershire na tone la siki. Zote ni hiari, chumvi na pilipili manga vinatosha. Bia uliyoiona haihitajiki hata kidogo, supu ya mifupa ya nyama yako ya halali inafanya kazi hiyo na inapita. Ukitumia vidonge vya supu soma pakiti kwanza.

Kama mna nafasi pitieni huku Ottumwa mwone, hata bila kula. Kuna kibanda kinaitwa Canteen kimekuwepo tangu 1927, kiko uchochoroni, kaunta imejikunja kama kwato la farasi na watu wanakaa kuizunguka huku mpishi katikati anaponda nyama mbele yao. Jengo la kuegesha magari limejengwa juu yake na chenyewe kikabaki palepale chini. Ukisimama ukamtazama yule mpishi utaona mkono hautulii, anaigeuza na kuiponda muda wote. Kwa upande wa Sioux City sandwichi hiyohiyo wanaiita tavern, kwa hiyo ukitafuta mapishi jaribu na jina hilo.

Nyama chagua yenye mafuta asilimia 15 hadi 20. Ile ya asilimia 7 itakutoka kama vumbi hata ukiipika vipi. Ikishaiva, mafuta yaliyoelea yachote kwa kijiko, ila usiyamalize.

dogo_wa_Kariakoo
Mimi niko Dar, nyama ya kusaga ya buchani haina asilimia iliyoandikwa. Nitajuaje?

Jiko la Sayansi
Mwambie muuzaji akusagie kidari badala ya steki, na asiondoe mafuta yake. Isagwe mara moja tu. Ikisagwa mara mbili inakuwa laini kupita kiasi na kugandamana. Ng'ombe wetu wengi wa malishoni hawana mafuta mengi, kwa hiyo kama unaiona nyekundu tupu, omba akuchanganyie kipande cha mafuta.

Mama Zai
Wapendwa, leo nimejaribu kidogo kwa njia ya Mkongo, chumvi nimeitia mwisho. Jamani! Nyama imetoka kama punje, laini, haina bonge hata moja. Zai kala na kijiko, mdogo wake kalamba sahani. Mungu awalipe.

Yamebaki mawili. Mkate bado unalowa kwa chini. Na kwa watu 40 ninunue nyama kiasi gani, na nitaiwekaje iwe ya moto tangu adhuhuri hadi wamalize kusoma?

Shemeji wa Ottumwa
Mkate kwanza. Chota nyama kwa kijiko chenye matundu, kiegemeze ukingoni mwa sufuria uhesabu mpaka tano, unyevu uliozidi ushuke. Haradali ipake upande wa chini kabla ya nyama, ikae kati ya nyama na mkate. Na mikate uipitishe kwenye mvuke kidogo sana, au uifunge kwenye kitambaa safi juu ya sufuria ya moto, iwe laini bila kulowa. Usiioke, sandwichi hii haitaki mkate mkavu. Jaza mtu anapofika mezani, usijaze mapema ukazipanga.

Nyama: nunua ratili 10, yaani kilo nne na nusu. Ikiiva inapungua karibu robo, kila mtu atapata gramu 80 na kitu. Kwa watoto inatosha. Kama baba zao watakuwepo, ongeza ratili 3.

Jiko la Sayansi
Kuhusu kuitunza: ipike kwenye masufuria mawili mapana, kilo nne kwenye sufuria moja nyembamba hutaweza kuiponda. Nyama ya kusaga lazima ifike nyuzi 71 ndani yake, na kwa kuwa umeichemsha utazipita bila shida. Kisha ihamishie kwenye ile sufuria ya umeme ya kupikia taratibu, uiweke kwenye moto wa kutunzia tu, isishuke chini ya nyuzi 60. Mbichi usiitumbukize humo moja kwa moja, inachukua muda mrefu kupata moto na itashikamana. Kila nusu saa igeuze na uongeze vijiko viwili vitatu vya supu ya moto. Itakayobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili, isambaze kwenye chombo kipana ipoe haraka, weka kwenye friji, na siku ya kuipasha tia supu kidogo.

dogo_wa_Kariakoo
Mimi mikate ya baga huku ni bei. Skonzi zitafaa?

Mkongo wa Muscatine
Zinafaa sana, mradi zisiwe zile zenye sukari nyingi. Zipitishe kwenye mvuke kama alivyosema shemeji. Dada Mama Zai, mimi Jumamosi niko zamu ya usiku, mchana nina nafasi. Kama mnahitaji mtu wa kuponda sufuria ya pili, niandikie faragha.