Fonti nene za kizamani kwenye boti, mbona hazisomeki?

mkatastika_mwanga
Wakuu habari za jioni, niko Kigoma hapa Mwanga nakata stika na kuandika mabango. Kuna mzee wa Kibirizi ana boti mpya ya mizigo anataka jina MUUMINI kwa zile herufi nene nyeusi zenye ncha, kama za kwenye vyeti au kofia za wana hiphop. Nikampigia herufi kubwa zote nikabandika ubavuni nikarudi nyuma kama hatua ishirini, dogo mmoja anashusha dagaa akaniuliza "bro hiki Kiarabu?" Nikabandua. Leo nimejaribu herufi ndogo ikawa kama uzio wa matete. Fonti mbovu ama mimi? Mzee anataka kesho kutwa.

kalamu_bapa
Fonti haina shida mkuu. Hizo hupigi herufi kubwa tupu hata siku moja, zile kubwa kazi yake ni kukaa moja mwanzoni mwa neno, zina mapambo, ukizipanga mstari zinagombana na A yake watu wanaisoma U. Halafu pole umepewa jina gumu 😂 Huo mwandiko ni wa kalamu ya ncha bapa imeshikwa mshazari, ukishuka unatoka mstari mnene, ukikata mshazari unatoka uzi. Haya hesabu nguzo, yani mistari minene ya kusimama, kwenye muumini ya herufi ndogo: m tatu, u mbili, u mbili, m tatu, i moja, n mbili, i moja. Nguzo 14 zimepanga foleni zinafanana! Waandishi wa zama za kati Ulaya yaliwakuta hayohayo ndo wakaanza kuiwekea i kialama juu.

binti_ujiji
Na Gutenberg, yule mchapaji vitabu wa kule Mainz Ujerumani, miaka ya 1450 Biblia yake aliipiga kwa herufi hizohizo, ila kitabu unakishika mkononi kaka, boti unaiona ikiwa majini. Jaribu aina ya Waitaliano inaitwa rotunda, ni ya mviringo kidogo inapumua. Au aina inaitwa fraktura, Wajerumani waling'ang'ania nayo mpaka 1941 serikali ya Hitler ilipoipiga marufuku.

fundirangi_tbr
Mnampa historia mwenzenu ana dedilaini. Mimi Tabora naandika migongo ya daladala, fanya hivi: M tu ndo iwe ya kizamani, kubwa, iliyobaki weka herufi nene za kawaida. Zile nyuzi nyembamba ziongezee unene la sivyo kwa mbali hazionekani, na stika yenye ncha kali inaanza kubanduka kwenye ncha hasa ikipigwa maji, bora ukate stensili upake rangi ya mafuta. Namba ya usajili usiiguse iache ya kawaida.

mkatastika_mwanga
Nimeprinti ya fundirangi kwenye karatasi nikamwonyesha yuleyule dogo wa dagaa, kasoma mara moja. Mzee kaangalia weee, kasema "mbona urembo umepungua", sasa anataka nimwekee nyota na mwezi pembeni.