Naomba ushauri: vitambaa vya jikoni vya mifuko ya unga, doa la pinki haliishi

Mama Wawili (mtoa mada)
Wakuu, habari za humu. Nimepata mifuko ya pamba ya zamani, ile ya unga, nikaifumua na kukata vitambaa vya jikoni. Kitambaa chenyewe kizuri, chepesi, kinakauka upesi. Natumia kufunikia donge la chapati, kuchujia tui, kukaushia sahani. Shida ni kwamba havinyonyi maji, vinayasukumasukuma tu. Halafu kwenye mishono na penye maandishi kuna doa la pinki, kila nikifua maji yanatoka na rangi. Nimeloweka kwa sabuni ya unga, nimechemsha, bado. Mnatumia nini? Nina haraka, kuna mtu anavisubiri.

Pishi la Leo
Kutonyonya ni kwa sababu pamba ambayo haijafuliwa sana bado ina mafuta yake ya asili, na kiwandani nyuzi hutiwa kanji kabla ya kufumwa. Chemsha nusu saa na sabuni ya mche, mwaga maji, suuza, rudia. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando na kitambaa kinakataa maji kabisa. Kadiri unavyofua ndivyo vinavyozidi kunyonya.

Shangazi Mkubwa
Mimi naona tatizo la nyumba nyingi si doa. Ni kitambaa kimoja kufanya kazi zote. Binti anafuta mikono, anafuta meza iliyokatiwa nyama, anageuka anakausha kikombe cha mtoto. Tenganisheni! Cha chakula kiwe na alama ya uzi wa rangi pembeni, cha mikono kikae kwake. Na kisilale kimekunjwa na unyevu, ile harufu ya uvundo ni vijidudu tayari.

Umenikumbusha mbali lakini. Mwanzoni mwa miaka ya 80, nguo hazipatikani na sabuni ya kupanga foleni, mama alikuwa akipata mifuko ya unga wa ngano kwa fundi mikate. Alitushonea mashuka na vifulana vya ndani. Kaka yangu alikuwa na kifulana chenye uzito wa unga mgongoni, wenzake wakimwita Kilo Hamsini mpaka anaingia sekondari. Maandishi aliyatoa kwa kuyapaka mafuta ya taa usiku, asubuhi anafikicha na sabuni.

Msela Getoni
Mimi sahani zangu zinajikausha zenyewe toka nihame kwetu. Naombeni chapati tu.

Jua la Saa Sita
Doa lolote: jiki na ndimu kwenye ndoo moja, funika mpaka asubuhi. Utanishukuru.

Nesi wa Zamu
@Jua la Saa Sita tafadhali futa hiyo. Jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu, na wewe unashauri watu wafunike halafu wafunue asubuhi! Jiki peke yake, kidogo, kwenye maji mengi, dirisha wazi. Na ukiizidisha, pamba inageuka njano na kuchanika.
Doa la manjano ya pilau halihitaji hata hiyo. Fua, anika kikiwa kibichi kwenye jua kali, rangi ya manjano inauawa na mwanga. La damu ni maji baridi, ya moto yanalipika likang'ang'ania. Na wa maeneo yenye nzi wa funza wa embe, yule anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, pigeni pasi pande zote mbili kabla ya kutumia.

Mkulima wa Bondeni
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyeuliza. Mtoa mada, unga hauna pinki. Maandishi yanasema nini na mifuko umeitoa wapi?

Mama Wawili
Asante Nesi na Pishi, nitajaribu. @Mkulima maandishi yamefifia, hayasomeki vizuri. Ni mifuko ya nyumbani tu, ya familia.

Mkulima wa Bondeni
Ya familia si jibu, dada yangu. Ilikuwa na nini ndani?

Shangazi Mkubwa
Mwanangu sema. Hapa hakuna anayekucheka.

Mama Wawili
Haya. Ilikuwa ghalani kwa marehemu baba mkwe, Shinyanga vijijini. Alikuwa karani wa chama cha msingi. Tulipokuwa tunasafisha tukaikuta chini ya magunia, imekunjwa vizuri. Neno linalosomeka ni MBEGU, na kuna picha ya fuvu na mifupa miwili.
Lakini jamani ni ya miaka na miaka, dawa gani inakaa muda wote huo? Nimeshaichemsha, harufu haina. Kutupa pamba nzuri kama ile ni dhambi. Na mama lishe mmoja ameshanipa kianzio, vyake nimeshakata, vingine ameshachukua. Mimi nilichouliza ni doa tu.

Mkulima wa Bondeni
Hilo doa ndilo linalojaribu kukuokoa. Mbegu ikitiwa dawa hutiwa na rangi makusudi, nyekundu, pinki au kijani, ili mtu asije akaisaga. Rangi imeingia kwenye nyuzi pamoja na vumbi la dawa. Ukiitoa rangi hujatoa dawa, umeondoa onyo tu.

Hili liliua watu Iraki, mwishoni mwa 1971 kuingia 1972. Wakulima waligawiwa ngano ya mbegu yenye dawa ya zebaki, imepakwa rangi nyekundu, na maonyo kwenye mifuko yameandikwa Kihispania na Kiingereza. Familia zikaosha ngano, rangi ikatoka, wakaamini na sumu imetoka. Wakasaga, wakaoka mikate. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa na 459 wakafia hospitalini. Madhara hayakuonekana siku hiyo hiyo, walikula kwa wiki kadhaa wakiwa wazima.

Sijui mifuko yako ilibeba dawa gani, na hilo ndilo la kutisha. Zamani zilitumika dawa za jamii ya DDT na lindani. Hizo hukaa miaka mingi, maji hayazitoi, zinapenda mafuta. Na wewe unachujia tui.

Chunguza Kwanza
Wakuu, hii ni chai. Mbegu zinakuja kwenye mifuko ya karatasi au ya nailoni, mfuko wa mbegu wa kitambaa nani kauona? Akaunti ya mwezi huu, fuvu linatokea ukurasa mzima baadaye, halafu "mtu anavisubiri". Subirini aanze kuuza taulo hapa.

Msela Getoni
Hata mimi fuvu limenistua. Weka picha.

Shangazi Mkubwa
Hata kama ni chai, aliyosema Mkulima ni kweli au si kweli? Kuna watu wana mifuko hiyo stoo sasa hivi.

Mama Wawili
Simu yangu haipakii picha humu. Sina taulo ya kumuuzia mtu wa humu. Mifuko imeshonwa kwa uzi mnene wa mnyororo: ukikata ncha ya upande mmoja na kuvuta, mshono wote unafumuka hadi mwisho bila kukatika, ukianzia upande wa pili unakaza. Ndani ya pindo, pale kitambaa kilipokunjwa, kulikuwa na unga wa pinki mkavu. Niliukung'uta nje kwa mkono.

Mzee wa Ghala
Huyu hatungi. Nimefanya kazi ya maghala toka ujana. Mifuko ya kitambaa ilikuwepo, ya mbegu na ya unga, nailoni imekuja kuifukuza baadaye. Na mshono ule lazima uushike ndipo ujue unafumuka upande mmoja. Ule unga wa kwenye pindo sisi tulikatazwa kuugusa bila glavu. Mama, ulinawa?

Mama Wawili
Nilinawa. Basi nivifanye vya kupigia deki tu? Au vya kufutia meza? Pesa ya kianzio nimeshanunulia uzi na nauli.

Nesi wa Zamu
Hapana. Deki unakamua kwa mikono, na watoto wanatambaa sakafuni. Visichomwe pia, moshi wake ni sumu vilevile. Vaa glavu, funga vyote kwenye mfuko wa plastiki, uweke mbali na jikoni na watoto, mpigie afisa kilimo wa kata akuelekeze. Chombo kilichobeba dawa hakirudi kwenye chakula, hata kikichemshwa mara ngapi.

Pishi la Leo
Ukitaka kitambaa kama kile, nunua marikani ya mita dukani, ile isiyo na rangi. Ifue na kuichemsha kabla ya kukata, pamba inarudi nyuma, ukikata kwanza utapata vipande vilivyopinda, visivyolingana pande. Kata, pinda pindo mara mbili, piga cherehani. Kianzio cha mama lishe utakifidia kwa hivyo.

Mama Wawili
Donge la leo nimelimwaga. Nimempigia mama lishe, nimemweleza yote. Anasema vile alivyochukua ameanza kuchujia maziwa ya chai tangu juzi. Nimemwambia asiguse tena, natoka sasa hivi kwenda kuvichukua. Anauliza waliokunywa wafanye nini.

Nesi wa Zamu
Yeye na wateja anaowafahamu, kama kuna mwenye kichefuchefu, kizunguzungu, kutetemeka au ganzi ya midomo, aende kituo cha afya leo. Hata asiye na dalili akaeleze. Kata kile kipande chenye maandishi na fuvu, kifunge kwenye mfuko wake peke yake, mwende nacho. Daktari atataka kuona jina la dawa.