Hilux ya ofisi, kona 57 za Matamba na mvua: L4 naiweka wapi?

Binti wa Uluguru

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni afisa ugani, nimehamishiwa Makete nikitokea Morogoro. Kule nilizoea gari dogo na njia za lami. Huku nimekabidhiwa Hilux dabo kabini, dizeli, manyu, yenye ule mkono wa pili pembeni mwa gia ulioandikwa H2, H4, N na L4. Aliyenikabidhi alinionyesha namna ya kuuvuta, akasema "ukikwama weka foo wili", basi.

Vikundi vyangu vya wakulima wa viazi na ngano viko upande wa Matamba, na mara kwa mara itabidi nishuke zile kona 57 hadi Chimala kufuata mbolea na mbegu. Mvua zimeshaanza. Juzi nilikuwa nashusha kipande cha udongo mwekundu, mkono uko H4, nikagusa breki tu, nyuma ikavutika kuelekea mtaroni. Ilijirudi yenyewe, lakini sijaelewa. Kama magurudumu yote manne yanavuta, kwa nini liteleze? Na ile L4 ni ya kukwamuka peke yake au ina kazi nyingine? Naomba anayezijua njia za huku anieleze taratibu.

---

Kijana wa Mwanjelwa

Dada, hiyo ni Hilux, toa hofu. Weka H4 ukitoka nyumbani, uisahau hapo hapo mpaka unarudi. Sisi ndivyo tunavyofanya mvua nzima.

---

Suka wa Uporoto

Kijana, hilo la kushinda na H4 kutwa nzima naomba dada asilifuate. Nitaeleza sababu.

Binti, marahaba, na karibu nyanda za juu. Nimeendesha magari ya miradi njia hizi tangu Njombe hadi Makete ni udongo mtupu, enzi ambazo ukiivuka Kitulo mwezi wa tatu huna uhakika utalala wapi. Naandika kwa urefu kwa sababu hilo swali lako la breki watu wengi hawaliulizi mpaka gari liwe bondeni.

4WD inakusaidia kwenda. Kwenye kusimama haina msaada. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata lile dogo uliloliacha Morogoro. Ukikanyaga breki kwenye utelezi, Hilux haina cha kulizidi zaidi ya uzito, na uzito ukishaanza kuteremka unataka kuendelea. Tena pikapu tupu ni nyepesi nyuma, kwa hiyo tairi za nyuma ndizo zinazoachia kwanza. Kilichokupata juzi ni hicho. H4 ilikupa utulivu wakati unakwenda, ukafika kwenye mteremko na mwendo ambao H2 ingekuonya mapema kwa kuyumba. Watu wanaopinduka na magari ya aina hii mara nyingi hawakuwa wamekwama popote. Walikuwa wanakwenda vizuri kabisa.

Sasa mkono wako. Kwenye H2 nguvu inakwenda nyuma tu. Ukiweka H4, propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawa. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu tairi haziwezi kuteleza, mvutano unabaki kwenye propela, difu (gia za kwenye ekseli) na giaboksi. Usukani unakuwa mzito, gari linashtuka-shtuka kwenye kona, na mkono unagoma kutoka. Ukigoma, rudi nyuma mita chache umenyoosha usukani, utaachia. Kwa hiyo ukishafika Chimala na kukamata lami ya kwenda Igurusi au Mbeya mjini, H2. Kijana, nenda kamuulize fundi wako bei ya difu ya mbele.

L4 ndiyo rafiki yako kwenye zile kona. Inakupa gia fupi, yaani za taratibu na zenye nguvu, zaidi ya mara mbili ya H4, na faida yake kubwa kwa njia yako iko kwenye kushuka. Simama juu, mahali tambarare, kabla mteremko haujaanza. Kanyaga klachi, sogeza mkono hadi L4, weka gia namba moja, au namba mbili kama mteremko si mkali. Kisha toa mguu kabisa kwenye klachi, uuweke sakafuni. Injini italishika gari lishuke mwendo wa mtu anayetembea, na breki zako zitabaki za baridi kwa ajili ya kona yenyewe. Wanaoshuka na gia kubwa huku wameng'ang'ania breki, wakifika nusu ya mlima pedali inazama na hakuna kinachotokea. Breki zikichemka zinapoteza nguvu, na ile harufu ya kuungua ndiyo onyo la mwisho.

Hata na L4 gari linaweza kuanza kuteleza. Hapo moyo utakuambia kanyaga breki. Usikanyage. Gusa mafuta kidogo sana, ili tairi zizunguke sawa na mwendo wa gari, zipate tena kushika, kisha achia polepole. Hili lifanyie mazoezi mahali pa wazi, kwenye kamteremko kafupi kasiko na bonde pembeni, kabla hujaenda nalo mlimani.

Kupanda nako kuna jambo moja ambalo nataka ulijue kabla halijakukuta: kushindwa mlima. Unapanda, gari linapoteza nguvu, linasimama katikati ya mteremko. Kosa linaloua hapo ni kukata usukani ili ugeuze. Gari likikaa ubavu kwenye mteremko linabingirika. Kanyaga breki, vuta hendibreki, tulia, na kama kuna abiria mwambie asiruke. Halafu weka gia ya rivasi mkono ukiwa L4, achia breki taratibu na urudi chini umenyooka, ukifuata nyayo zako mwenyewe, injini ikikushikilia. Klachi usiikanyage ukiwa unarudi. Ukifika pazuri, anza upya na gia inayofaa tangu chini, maana kubadili gia katikati ya utelezi ndiko kunakokatisha nguvu. Ujue pia kwamba huko juu hewa ni nyepesi. Kitulo ni karibu mita 2,600, na injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiiona nzito kuliko ilivyokuwa Chimala, haijaharibika.

Kwenye kona zenyewe, shusha kioo kidogo usikie, piga honi kabla ya kona usiyoiona mbele yake. Fuso la viazi au la mbao linalopanda likiwa na mzigo lipishe wewe unayeshuka, kwa sababu likisimama huenda lisiondoke tena, na likirudi nyuma linarudi na kila kilicho chini yake. Tafuta upana mapema, jisogeze upande wa mlima, usingoje mkutane pua kwa pua.

Ukungu: washa taa za chini, si ful, ful inakurudishia weupe machoni. Hazadi usiwashe ukiwa unatembea, anayekufuata atadhani umesimama, na indiketa zako hazitaonekana.

---

Mama Viazi Kikondo

Ndaga fijo Suka, umeeleza vizuri. Mimi nina RAV4 ya oto ya mwaka 2008, nabebea mbegu na mara moja moja naenda nayo mnadani. Wanasema nayo ni 4WD, ila haina mkono wowote, ina kitufe cha LOCK tu. Hayo ya L4 mimi nayafanyaje?

---

Fundi Mafinga

Mama, kamwene. Niingie hapo maana nayafungua haya magari kila wiki.

RAV4 yako kwa kawaida inavuta mbele. Magurudumu ya nyuma yanaitwa kazini na kifaa cha umeme pale mbele inapoteleza. Ukibonyeza LOCK unakilazimisha kigawe nguvu mbele na nyuma, lakini ukivuka kilomita 40 kwa saa kinajitoa chenyewe. Ibonyeze kabla ya kuingia kwenye tope, usingoje mpaka uwe katikati. Gia za chini za L4 hazimo kabisa kwenye gari lako. Kushuka, toa gia kwenye D uivute hadi L au 2, injini isaidie breki, na uanze ukiwa taratibu sana kwa sababu haitakushika kama Hilux ya binti. Ukizungusha tairi kwenye tope muda mrefu, kile kifaa kinachemka na kujizima, na unabaki na gari la magurudumu mawili. Likifanya hivyo zima, ngoja lipoe.

Forester ni habari nyingine, ile inavuta manne muda wote na lami haiidhuru. Prado nyingi nazo zinavuta manne muda wote, ila zina difu ya katikati, inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti, nayo unaweza kuifunga, na ukiifunga sheria ya lami kavu inarudi.

Kitu kimoja kwa nyote wenye magari yanayovuta manne muda wote: tairi nne ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawa. Watu wanafunga mbili mpya mbele na mbili kipara nyuma, wanaona wameokoa hela. Tairi iliyolika ni ndogo, inazunguka haraka zaidi, mfumo unadhani gari linateleza kila dakika. Wanakuja kwangu na mngurumo, na huo mngurumo ni ghali kuliko tairi mbili.

---

Binti wa Uluguru

Asanteni sana. Mzee Suka, nimeifanyia mazoezi L4 leo kwenye uwanja wa shule, ile ya kutoa mguu kwenye klachi inatisha mwanzoni, halafu unaona kweli injini inashika. Mawili yamebaki. Ukikwama kabisa kwenye tope unaanzia wapi? Na vijito vinavyokatiza njia mvua ikishapiga, unajuaje kama vinapitika?

---

Suka wa Uporoto

Umefanya vizuri kuanzia uwanjani.

Kukwama: mara tairi zinapozunguka bila gari kusogea, acha mafuta. Kila sekunde unayoendelea unachimba, na ukishalalia tumbo hata L4 haikusaidii, tairi hazina uzito wa kukandamizia chini. Jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye nyayo zako, ndiyo sehemu pekee unayojua inabeba. Ikigoma, shuka na sepeto, toa tope mbele ya kila tairi na chini ya tumbo, tandika mawe bapa au matawi ya miwati. Majani ya mgomba usitandike, yanateleza kuliko tope lenyewe. Kupunguza upepo kunasaidia kwenye tope laini: ukishusha hadi psi 22 au 20, tairi inatanuka na kukanyaga eneo kubwa. Lakini uwe na pampu ya kujazia, kwa sababu kurudi kwenye mawe ya Matamba au lami na upepo huo utapasua tairi. Udongo mweusi wa mbuga huko chini Usangu ni mgumu zaidi, unajaza meno ya tairi mpaka inakuwa laini yote. Huo ukishalowa, kama safari si ya kuokoa mtu, subiri ukauke.

Ukivutwa na gari lingine, funga kamba kwenye ndoano ya chasi. Kile kibonge cha kuvutia trela usikifungie, kikikatika kinaruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba, na tupia koti zito au gunia katikati yake ili ikikatika isipige. Vijana wa kijijini watakuja kusukuma, na wanakuja kwa moyo mwema. Waombe wakae pembeni kamba inapovutwa, na ukiwa mlimani usiruhusu mtu asimame nyuma ya gari kabisa.

Kijito: shuka, kitazame. Kama huwezi kukipita kwa miguu yako, usikipite kwa gari. Ingia na fimbo, pima kina na uone chini ni mawe au tope. Maji yanayotembea sentimita 30 yanaweza kuchukua gari dogo, na sentimita 60 yanabeba hata pikapu, kwa sababu gari linaanza kuelea kabla halijajaa. Yakiwa ya kahawia na yanabeba vijiti, bado yanaongezeka. Huku vijito vinajaa upesi na kupungua upesi, ngoja saa moja au mbili uone alama kwenye jiwe inashuka. Ukiona yanapitika, ingia L4 gia ya kwanza au ya pili, mwendo mmoja mpaka ng'ambo, usibadili gia, usisimame. Ukitoka gusa breki mara kadhaa ukiwa unatembea taratibu, zikauke.

Na nyuma ya hiyo Hilux watu watakuomba lifti, wamama na mizigo, wanafunzi. Najua ni vigumu kumkatalia mtu kwenye mvua. Wakae ndani ya kabini, wafunge mikanda, wakijaa basi. Mtu aliyesimama kwenye bodi analipandisha gari uzito juu, na kwenye kona za kule likiinama yeye ndiye wa kwanza kutupwa. Mbolea ni bora zaidi: ipange chini, karibu na ekseli ya nyuma, ifunge isitembee, na hata gari litatulia kuliko likiwa tupu.

---

Binti wa Uluguru

Nimeelewa, mzee wangu. Alhamisi nashuka Chimala kufuata mbolea, narudi siku hiyo hiyo na mifuko.

---

Suka wa Uporoto

Shuka asubuhi ukungu ukishaachia, na uanze kupanda kabla ya saa nane mchana, mvua za huku hupenda kunyesha alasiri. Ukikuta imeshapiga na mlima umefunga, lala Chimala, mbolea haiozi.

Kabla ya kupakia, jaza upepo wa mzigo. Vipimo viko kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, cha tupu na cha mzigo mbalimbali. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, usijaze kwa hiyo.