Serikalini Tunduru au shule binafsi Mwanza: wapi mwalimu anafundisha kwa moyo?

Fizikia_Hesabu
Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati, nina shahada, nafundisha shule binafsi hapa Mwanza kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Majina ya ajira yametoka, nimepangiwa shule ya kata wilaya ya Tunduru. Mwajiri wangu aliposikia akanipandishia hadi 950,000 baada ya makato, na chumba ndani ya shule bila kodi. Serikalini, kwa daraja la kuanzia, nitabaki chini ya hapo kwa mbali.

Naombeni msiniambie tu kwamba serikalini kuna uhakika, hilo nalijua. Ninachotaka kujua ni wapi mtu anaamka akiwa na hamu ya kuingia darasani. Hapa nina wanafunzi 35, maabara ipo na vifaa vipo. Ila Jumamosi ni kazi, Jumapili jioni ni majaribio, na matokeo ya kila mwezi yanabandikwa ubaoni yakiwa na jina la mwalimu pembeni.

Mzee_wa_Chaki
Marahaba. Tuanze na pesa, maana hesabu yako naiona imeegemea upande mmoja. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote ulipoajiriwa, kwa hiyo usiihesabu kama hasara ya serikalini. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. NSSF, mfuko wa sekta binafsi, jumla ni 20 vilevile, lakini mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi nusu yake. Sasa nenda ukaangalie kama michango yako inafika. Kuna shule niliwahi kufundisha, hati ya mshahara ilionyesha makato kila mwezi, kule kwenye mfuko kulikuwa kweupe.

Halafu usije ukapiga hesabu kwa ile nyongeza ya mshahara ya asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida. Iliwahusu wa kima cha chini, kutoka 370,000 hadi 500,000. Daraja lako ni jingine.

Dada_Namtumbo
Mdogo wangu, nimefundisha ukanda huo kwa muda mrefu, nikueleze palivyo. Lami ipo, kutoka Songea kupita Namtumbo na Tunduru hadi Masasi. Tatizo ni shule zenyewe, nyingi ziko ndani, unashuka barabarani unatafuta bodaboda. Msimu wa korosho ukifika utaona madawati wazi, watoto wako shambani na wazazi. Walimu wengi nao wana mikorosho yao, na sidhani kama ni jambo la kuona aibu, ndiyo inayowasomeshea watoto.

Lakini swali lako nalijibu hivi: nimekaa shule moja chini ya wakuu wawili. Wa kwanza alikuwa anasimama na kitabu cha mahudhurio mlangoni, ukichelewa dakika tano anachora mstari mwekundu. Fedha za ruzuku zinaingia, hatujui zimenunua nini. Ukiomba ruhusa ya msiba unaulizwa marehemu ni nani yako hasa. Saa nane na nusu hukuti mwalimu shuleni. Akahamishwa, akaja mama mmoja mpole. Kikao cha kwanza akatusomea mapato na matumizi, risiti juu ya meza. Ratiba akatuachia tupange wenyewe. Mwenzetu alipojifungua, alikwenda yeye nyumbani kumwona kabla yetu sisi. Mshahara ni uleule, nyumba ni zilezile zinazovuja. Ila walimu walianza kubaki na kidato cha nne hadi saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyetumwa.

Kwa hiyo mimi siwezi kulinganisha serikali na binafsi. Ninalinganisha mkuu na mkuu.

Utumishi_Mstaafu
Dada amesema kwa lugha ya nyumbani jambo ambalo sisi wa utumishi tulisomeshwa kwa majina ya Kizungu. Frederick Herzberg na wenzake, mwaka 1959, walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani. Yanayomchukiza mtu kazini (mshahara, usimamizi mbovu, mazingira) hayakuwa yaleyale yanayomfurahisha (kazi yenyewe, mafanikio, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu). Ukimwongezea mtu mshahara unapunguza manung'uniko yake. Hamu ya kazi inatoka kwingine. Nadharia hiyo imekosolewa sana, ila kwa swali hili inasaidia.

Jingine: kuridhika na kufanya kazi vizuri havitembei pamoja kama tunavyodhani. Timothy Judge na wenzake mwaka 2001 walikusanya matokeo ya sampuli 312 zenye wafanyakazi zaidi ya 54,000, uhusiano wakaukuta karibu 0.30, pale 1 ikiwa ndiyo uhusiano kamili. Upo, lakini si mkubwa hivyo. Nimewaona watumishi walioridhika kabisa, hawafanyi lolote.

Kizibo
Mzee Mstaafu, hiyo 0.30 haijawahi kulipa ada ya mtoto 😂 Mwalimu mwenye deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, anaingia darasani akiwaza simu itakayoita saa nne. Kiongozi, chukua serikali. Ukishathibitishwa kazini benki inakukopesha kwa riba ya kibinadamu, unajenga taratibu. Huko binafsi kwa mkataba wa mwaka nani atakukopesha?

Utumishi_Mstaafu
Hapo nakubaliana na wewe kuliko unavyofikiri.

Binti_Maabara
Mimi nilitoka serikalini kwenda binafsi na sirudi, kwa hiyo naomba upande huu nao usikike. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya kata yalifurika. Nilikuwa na mkondo wa watoto zaidi ya 90, somo la vitendo nalifanya kwa kuchora ubaoni. Unafundisha umeme, mtoto hajawahi kushika ammita. Hicho ndicho kilinimaliza, wala si mshahara. Mwalimu wa sayansi anapata raha yake pale mtoto anapoona sindano inacheza akasema "kumbe!"

Na kupimwa kazi: OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, ilikuwa fomu tu, sasa kuna PEPMIS iliyochukua nafasi yake, ya kujaza mtandaoni. Kwa macho yangu, kupanda daraja bado kunafuata miaka kuliko juhudi. Anayekesha na anayesinzia wanapanda siku moja.

Ila mdogo wangu, hizo Jumapili zako zina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zikizidi ni mara moja na nusu ya malipo, na kila wiki una haki ya saa 24 za kupumzika. Mwajiri anakutaka kiasi cha kukupandishia mshahara? Basi omba Jumapili yako na mkataba wa miaka miwili, kwa maandishi. Akikataa hilo utajua ile 950,000 inanunua nini.

Mwalimu_Nakuru
Jirani hapa Kenya. Nyote mmesahau usawa. Walimu wa JSS (sekondari ya chini) walioingia kama intaeni, yaani kwa mafunzo kazini, 2023 walikuwa wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, vipindi vilevile na mwenzake wa kudumu anayeketi meza ya pili. 2024 wakaingia barabarani. Wengi walikuwa wamevumilia pesa kidogo. Kilichowachoma ni ile payslip ya jirani. Huko shule ya binafsi, je, mnajua mwenzako analipwa ngapi?

Fizikia_Hesabu
Hatujui, mwalimu. Imeandikwa kwenye mkataba kwamba ni siri.

Nimefanya mambo mawili tangu jana. Meneja nimemwomba Jumapili na miaka miwili kwa maandishi. Akacheka, akasema "tutaliangalia mwalimu, wewe si ndugu yetu?" Kisha nikatafuta namba ya mkuu wa shule ya Tunduru. Kanieleza bila kupamba: nyumba ya mwalimu hakuna, nitapanga kijijini, maabara ni jengo tu, Fizikia inafundishwa na mwalimu wa Jiografia anayejitolea. Akaniuliza kama naweza kushika kidato cha tatu na cha nne, na kama nina orodha ya vifaa vya kuanzia ili aiingize kwenye bajeti ya ruzuku kabla sijafika.

Dada_Namtumbo
Amekuomba wewe uandike orodha?

Fizikia_Hesabu
Ndiyo dada. Nimeshaanza kuiandika. Ammita, voltmita, nyaya, betri, lenzi. Mizani ya springi sijui kama itapatikana Songea au niibebe kutoka huku.

Dada_Namtumbo
Songea huwa zinaadimika, ibebe. Na uripoti ndani ya siku 14, wasije wakakuondoa kwenye orodha.