Klabu za skuli zimegeuzwa remedio, na babake hataki kusikia drama. Nifanyeje?

MamaZuu_Kiembeni

Assalam aleikum wote na habari za jioni. Nna swali kwa wazazi na walimu waliomo humu hasa wa huku Kisauni na Bamburi. Binti yangu ameingia gredi 10 mwaka huu, skuli ya kutwa, yuko njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia na hesabu, anataka udaktari na alama anazo alhamdulillah. Sasa tangu afike pale roho yake yote iko kwenye drama. Anakariri mashairi sebuleni, anawapanga wadogo zake waitikie, nyanyake akija anakalishwa kitini awe jaji. Kishe kuna klabu ya mazingira ambayo wenzake wameingia na yeye anaitaka hiyo pia.

Shida zangu naziandika zote pamoja mnisamehe. Klabu zao zimewekwa Ijumaa baada ya masomo lakini kila Ijumaa mtoto anarudi ananiambia leo pia mwalimu wa hesabu aliingia, yaani klabu iko kwenye taimtebo ukutani imeandikwa vizuri kabisa lakini darasani ni remedio, masomo ya ziada. Babake naye anasema STEM na drama wapi na wapi, mtoto alichagua njia yake aifuate. Halafu kuna kurudi nyumbani, manake akitoka ile saa kumi na moja matatu za kuja Kiembeni zimejaa na mimi nataka kabla ya maghribi awe ndani. Wikendi asubuhi yuko chuoni, madrasa, kwa hiyo huko sitaki paguswe.

Mimi mwenyewe naona hii drama imemfungua, primari alikuwa hata kujibu salamu ya mgeni ni tabu. Sitaki azimwe. Naanzia wapi skuli bila kuonekana mzazi msumbufu, na babake nimwambie nini?

AbuNuh

Wa aleikum salaam dada. Mimi naelewa anachosema mzee. Wangu wa kiume alipoingia sekondari alijiandikisha skauti, debeti, muziki, mpira, kila karatasi iliyopita darasani alitia jina, akawa anarudi amechoka vitabu havifunguliwi, na ukimuuliza umefanya nini huko kwenye debeti hana la kusema, yuko memba tu. Ripoti ilipokuja nilikaa naye tukazikata zote tukabakisha mpira. Kwa hiyo klabu sizipingi, ila mbili kwa mara moja kwa mtoto wa STEM aliyeanza juzi mimi naona ni nyingi. Achague moja aifanye kwelikweli.

Ticha_Mvita

Mama Zuu hongera kwa kuuliza, wazazi wengi hawaulizi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili skuli ya kutwa na ni patroni wa drama, yaani mwalimu msimamizi wa klabu, nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza ujue hiyo saa ya klabu si hisani ya mtu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimepanga kwamba skuli za kutwa, za serikali na za kibinafsi, masomo ni Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo ni shughuli za nje ya masomo. Siku zote tano, sio Ijumaa peke yake. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu akiingia pale amechukua muda ambao una wenyewe. Na hata pesa, zile shilingi 22,244 ambazo serikali inatakiwa kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka ndani yake kuna fungu la shughuli hizi. Zinachelewa na saa zingine zinakuja nusunusu, hilo kweli, lakini fungu lipo.

Sasa kwa nini inafanyika hivyo? Manake skuli inapimwa kwa mean score, wastani wa alama za mtihani, na hakuna anayemuuliza prinsipo klabu zako zina afya gani. Na patroni mara nyingi ni mwalimu aliyeajiriwa juzi akabebeshwa klabu tatu kwa sababu ni mgeni hawezi kukataa. Akiona mwenzake wa hesabu anataka saa moja anaona ameokolewa. Nimeyaona stafu rumu.

Wewe usiende kwa prinsipo kwanza. Nenda kwa mwalimu wa darasa, umpongeze kwa mtoto alivyo, halafu uliza maswali ya kawaida tu: patroni wa drama ni nani, wanakutana siku gani, memba ni wangapi, na kitabu cha kumbukumbu za klabu kinakaa kwa nani. Hilo la mwisho usilisahau. Klabu inayofanya kazi ina daftari, lina majina, tarehe na walichofanya siku hiyo. Daftari likikosekana basi ujue klabu iko ukutani tu kama ulivyosema, na hapo hutahitaji kugombana na mtu, swali lenyewe litafika kwa dipti, naibu wa prinsipo. Ukipata wazazi wengine wawili watatu wakauliza hayo hayo wiki hiyo hiyo, utaona mabadiliko.

Pili kalenda. Drama kubwa ni muhula wa kwanza, inaanzia zoni, kaunti ndogo (nyie mko Kisauni), kaunti, halafu mkoa wa Pwani ambapo tunakutana na Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Lamu na Tana River, kisha taifa mwezi wa nne. Mtoto akijiunga muhula wa pili atakuta drama imelala na atavunjika moyo bure. Lakini umesema anakariri mashairi, na mashairi yako pia kwenye tamasha la muziki ambalo ni muhula wa pili, taifa inakuwa mwezi wa nane. Shairi la mtu mmoja halihitaji maleba ya gharama wala ngoma wala basi la watu arubaini. Linahitaji mtoto na mwalimu wa kumsikiliza. Aingilie hapo.

Hilo la STEM, mwambie mzee kwa heshima kwamba njia aliyochagua mtoto ni ya masomo. Klabu hazikugawanywa kwa njia. Wachezaji wangu wazuri mwaka huu wawili ni wa fizikia.

Shekue_Likoni

Mwalimu kamaliza, mimi naongezea kwa upande wa babake. Nasomea unesi sasa hivi mwaka wa tatu. Kitu cha kwanza kilichotutoa jasho wodini hakikuwa dawa, ni kusimama kando ya kitanda asubuhi mbele ya daktari mkubwa na wenzako kumi ukamueleza mgonjwa, ameingia lini, analalamika nini, umempima umeona nini, bila kusoma karatasi na bila sauti kukatika. Kuna wenzangu wenye A za bayolojia walikuwa wanatetemeka mpaka faili inadondoka. Mimi nilikuwa choral verse sekondari, yale mashairi ya kukariri kwa pamoja, mwalimu wetu alikuwa anatusimamisha uwanjani yeye anaenda kusimama getini, neno lisipomfikia tunarudia. Hiyo sauti ndio naitumia leo. Mtu anayetaka udaktari asinyimwe drama jamani.

Halafu kama skuli ina President's Award, ule mpango wa tuzo za vijana, aiangalie hiyo. Iko Kenya tangu 1966, bronzi, ngazi ya kwanza, unaanza ukiwa na miaka 14 na yeye gredi 10 ashafika. Una huduma kwa jamii, ujuzi mmoja unaojifunza, mazoezi ya mwili, na safari ya kwenda kulala nje usiku mmoja. Ni kama saa moja kwa wiki kwa kila kitu. Uzuri wake ni kwamba mashairi yake yanaweza kuhesabiwa kama ujuzi na kazi ya klabu ya mazingira ikahesabiwa kama huduma, kwa hiyo AbuNuh zile mbili zinakuwa kazi moja yenye kitabu kimoja. Sisi safari yetu tulikwenda Shimba Hills, nilijifunza kupika ugali wa watu wanane upepo ukivuma.

AbuNuh

Hiyo ya kuunganisha sikuijua Shekue. Hapo sina neno.

Halima_wa_Mtopanga

Mama Zuu mimi nikujibu hilo la kurudi nyumbani manake ndilo lilinisumbua na mimi na hakuna anayeliongelea, wanaongea klabu klabu kama watoto wanaruka. Wasichana wetu sisi tulikuwa wazazi wanne tunaishi njia moja, tukamtafuta mzee wa tuktuk tunayemjua, jirani, ana familia, tukakubaliana naye siku mbili za wiki awe getini saa kumi na moja kasorobo, tunamlipa mwisho wa mwezi. Watoto hawapandi mpaka wawe wote wanne. Akichelewa mmoja klabuni wote wanangoja, kwa hiyo wanaharakishana wenyewe. Tuna grupu ya WhatsApp, mzee akiondoka getini anatuma neno moja tu, tumetoka. Maghribi inakuta mtoto ashavua yunifomu. Usimwachie boda boda wa stejini kila siku mtu mwengine.

Na muulize patroni kama mazoezi ya kabla ya mashindano yanavuka hiyo saa, manake yanavuka, wiki mbili za mwisho drama inawaka moto watoto wanatoka giza. Hapo ndipo uwe na makubaliano ya mapema, mwalimu wa kike awepo na mzazi mmoja aende kuwachukua.

Binti_Junda

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi fomu 4 na ni sekretari wa klabu ya mazingira skuli yetu, niseme kidogo kuhusu hiyo klabu manake watu wanafikiri ni kuokota makaratasi.

Sisi tunapanda mikoko huku kwenye hori la Junda. Lazima uangalie maji kwanza, tunakwenda yakipwa, viatu tunaacha juu. Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado iko juu ya mti, inashuka ndefu ya kijani, na sio kila moja unachuma, unatafuta ile ambayo pale shingoni imeshageuka manjano, hiyo imekomaa. Unaidunga kwenye tope ncha chini, kama theluthi moja hivi, usiizamishe. Tulipoanza tulipanda popote zikafa nyingi, kishe mzee mmoja wa kikundi cha uvuvi akatuonyesha kwamba mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu huku juu karibu na nchi kavu, kila mti una maji yake. Sasa kila mwezi tunarudi na rula na daftari, tunahesabu zilizopona, tunapima urefu, tunaandika zilizoliwa na kaa na zilizofunikwa na mifuko ya plastiki inayoletwa na maji. Yale mahesabu tumeyachora grafu na mwalimu wa bayolojia anayatumia darasani. Mambo ya asilimia na wastani mimi niliyaelewa pale topeni.

Tulikwenda pia Haller Park hapo Bamburi, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, wakaanza kupanda mvinje 1971. Majani ya mvinje yalikuwa yanadondoka hayaozi mpaka wakaleta jongoo wakayala yakawa udongo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mamangu asiue tena jongoo wa uani.

Gredi 10 mna lile somo la huduma kwa jamii, sisi wa 8-4-4, mfumo wa zamani, hatuna. Kazi ya klabu kama hii inaweza kuwa ndio projekti yake, amuulize mwalimu.

MamaZuu_Kiembeni

Wallahi mmenifaa, nimesoma yote na nimemsomea babake haya ya Binti Junda na ya Shekue. Ya Shekue alinyamaza kidogo akauliza huyo kijana anasoma chuo gani. Hajasema ndio lakini hajasema hapana tena, amesema nilete taimtebo aione na huyo wa tuktuk amuone kwa macho.

Kwa hiyo Jumatatu naenda kwa mwalimu wa darasa na hayo maswali ya Ticha, la daftari nitaliweka la mwisho. Mama mmoja jirani yangu wa darasa hilo hilo amekubali aje na mimi. Halima nitakuandikia faragha kuhusu huyo mzee kama anafika Kiembeni.

Swali la mwisho kwa Ticha. Binti anaona haya kwenda kwa patroni mwenyewe, anasema wako wasichana wa mbele yake ambao wanajua sana, anataka angoje aitwe. Aende vipi?

Ticha_Mvita

Asingoje, mapatroni hatuiti mtu ambaye hatujamsikia. Aende saa ya chakula, sio asubuhi wakati mwalimu anakimbilia paredi. Achague shairi fupi la Kiswahili, beti mbili awe amezishika kichwani bila karatasi, na amwambie tu, mwalimu naomba unisikilize. Beti mbili ni chini ya dakika mbili, hakuna patroni atakayekataa. Na akimrekebisha palepale, arudi kesho yake na lile rekebisho limefanywa. Mimi mtoto akirudi siku ya pili jina lake naliandika kwenye daftari hata kama bado sauti haijakaa.

Halima_wa_Mtopanga

Kiembeni anafika, nshamuuliza. Niandikie leo usiku manake amebakisha nafasi moja.