Wakuu, nifungie fimbo stoo mpaka Aprili, au kuna gofu ya kweli Uingereza wakati wa baridi?

Mchovu wa Tope

Wadau habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Uingereza.

Nipo Reading, mji wa magharibi ya London. Gofu nilijifunzia Lugalo, Dar, kwa hiyo suala la baridi uwanjani halikuwahi kuniumiza kichwa. Hapa nimejiunga na klabu moja ya jirani, ada nafuu, watu wakarimu, kiangazi uwanja safi kabisa. Tatizo ni ardhi: udongo wa mfinyanzi mtupu. Tangu Novemba mpira ukitua unazama, unautafuta kwa kidole. Nusu ya griini (nyasi fupi zenye shimo) zimefungwa, tunapiga pata, yale mapigo ya kuviringisha mpira shimoni, kwenye viduara vya muda vilivyokatwa katikati ya fewei (njia ya nyasi kuelekea griini), nyasi za kukwaruza, mpira unarukaruka tu. Vitoroli marufuku, begi mgongoni, na ukifika shimo la 5 kila kiatu kimebeba udongo wa kutosha kufinyangia chungu. Wiki iliyopita wamefunga uwanja wote.

Wife kasema fimbo ziende stoo mpaka Aprili. Kuna mzee wa Kiingereza kazini ananiambia huo ni upuuzi, gofu tamu inachezwa Januari, ila sharti uifuate kwenye mchanga: ama pwani, ama zile nyika za Surrey, kusini ya London. Handikapu yangu (mapigo ninayofidiwa kwa raundi) 19, umri umeshavuka 50, vidole vinauma baridi ikizidi. Nina likizo katikati ya Februari na nilikuwa nawaza Scotland.

Sasa: huo mchanga una tofauti kweli, au ni majigambo ya klabu za matajiri? Scotland mwezi wa pili ni wazimu? Na mnavaa nini? Nawasilisha.

Kipara Moto

Stoo. Uzi ufungwe.

Mtaa wa Woking

Msikilize mzee wako wa kazini, achana na Kipara.

Mkuu wewe umekaa mlangoni kabisa pa hazina na hujui. Kutoka Reading ukielekea Ascot, Sunningdale, ukashuka Woking hadi mpakani mwa Hampshire, chini kuna mchanga. Zamani wakulima waliikwepa ardhi hiyo kwa sababu haihifadhi maji wala rutuba, ikabaki ya misonobari, vichaka vya hetha na vile vya gosi vyenye miiba. Ukulima ulishindikana, gofu ikanawiri. Woking walianza 1893, ndiyo ya kwanza katika nyika za Surrey. Sunningdale uwanja wa zamani ulifunguliwa 1901, kazi ya Willie Park mdogo. Walton Heath 1904, wa Herbert Fowler, na hapo ndipo Ryder Cup ya 1981, mashindano ya Ulaya na Marekani, ilichezwa. Kabla ya hapo watu wengi wa London walikuwa wanacheza kwenye mfinyanzi kama wako, kiangazi jiwe, masika bwawa. Kwa hiyo hata wao waliukimbia mfinyanzi, usijione mnyonge.

Tofauti ni hii. Mvua inyeshe usiku kucha, saa 4 asubuhi unatembea umevaa viatu vyako vya kawaida na soksi ni kavu. Mpira unatua, unadunda, unakimbia. Ukipiga aini (fimbo ya chuma) unasikia mlio wa nyasi fupi na mchanga, siyo ule mlio wa kuchota uji. Kiangazi unafikiria umbali tu. Baridi kwenye nyika unafikiria mpira utatua wapi na utaviringika kwenda wapi. Huo ni mchezo mwingine kabisa, na mimi nauona ni mtamu zaidi.

Nenda Woking simama tii (mahali pa kuanzia) ya shimo la 4. Kulia kwako ni reli, treni za London zinapita. Katikati ya fewei kuna mabanka (mashimo ya mchanga) ambayo John Low na Stuart Paton waliyachimba mwanzoni mwa karne ya 20, na wanachama wakati ule walikasirika sana: mtu kapiga katikati, kwa nini aadhibiwe? Ukilifikia shimo hilo Januari, ardhi ngumu, upepo wa nyuma, ndipo utaelewa lile banka linakuuliza nini. Ukienda kushoto salama, pigo la pili linakuwa baya. Ukijipenyeza kati ya banka na reli, griini inafunguka. Kwenye tope swali hilo halipo, maana mpira unakwama ulipotua.

Rangi nazo usizidharau. Hetha ya zambarau ni ya Agosti, baridi inageuka kahawia ya kutu. Lakini gosi inachanua njano hata Januari, na jua likiwa chini vile uwanja wote unawaka.

Onyo: hetha inakamata fimbo. Ukiingia humo shika wedji (fimbo fupi ya kunyanyulia mpira), rudi fewei, kubali hasara. Mwenye vidole vinavyouma asijaribu ushujaa.

Nipo Dubai

Poleni sana ndugu zangu. Huku Januari ndiyo msimu wenyewe, nyuzi joto 24, tumevaa kaptula. Karibuni Majlis, uwanja wetu wa huku 😂

Mchovu wa Tope

@Mtaa wa Woking umenifungua macho. Ila hizo klabu si ndizo unalipa mshahara wa wiki kwa raundi moja? Na wanapokea mgeni asiye na mjomba ndani?

@Nipo Dubai nenda ukale tende.

Mtaa wa Woking

Hapo kwenye pesa ndipo baridi inapokuwa rafiki. Viwanja vingi vina bei ya Novemba hadi Machi, chini sana ya ile ya Juni. Sunningdale bado itakuuma, sitakudanganya, na Swinley Forest siyo mahali pa kujitokeza tu getini. Lakini Hankley Common, West Hill, Worplesdon, wanapokea wageni siku za kazi. Piga simu kwa katibu au duka la profesheno (mwalimu wa klabu), uliza siku za wageni, taja handikapu yako. Jumanne ya Januari huhitaji mjomba.

Kitu cha kuulizia ni sakitu. Mchanga unanyonya maji lakini hauzuii umande kuganda. Jani lililoganda ukilikanyaga unalivunja, baada ya siku chache alama ya kiatu inakuwa nyeusi na inakaa wiki. Ndiyo maana wanakuzuia hadi iyeyuke, usidhani ni roho mbaya. Usiku ukiwa hauna mawingu, ujue asubuhi utasubiri na chai mkononi.

Mama Fife

Shikamoo kaka, nipo Scotland miaka mingi, acha nijibu la kwako la pili.

Wazimu siyo. Lakini ujue unachokuja kukifuata. Linksi ni mchanga wa ufukweni, nyasi nyembamba za feskyu, ardhi ya mawimbi ambayo hakuna aliyeichonga kwa tingatinga. Bahari inapunguza makali ya baridi, kwa hiyo mara nyingi ndani ya nchi kumeganda na sisi pwani tunacheza. Mara nyingi, si kila mara. Theluji nayo inakuja.

Februari katikati jua huku linachomoza kama saa 1 na nusu asubuhi na kuzama saa 11 jioni na dakika chache, unapata raundi moja bila haraka. Desemba ndiyo shida: saa 9:35 alasiri jua limeshazama.

St Andrews sasa. Kila mtu anataka Old Course, uwanja wake wa kale maarufu. Jumapili imefungwa, watu wanatembeza mbwa na watoto, na hiyo ni mwaka mzima. Kuna bahati nasibu ya nafasi, na baridi foleni ni fupi mno ukilinganisha na kiangazi. Lakini miezi ya baridi kwenye fewei unabeba mkeka mdogo, unauweka chini ya mpira kabla ya kupiga, ili nyasi zipumzike. Wengine wanauchukia. Mimi nasema kama ndoto yako ni kupiga pale kutoka kwenye nyasi, subiri. Kama ni kutembea tu pale na kusimama kwenye lile daraja la mawe la Swilcan humo uwanjani, mkeka haukupunguzii kitu. Castle Course, uwanja mwingine wa hapo, usiihesabu, baridi inafungwa. New Course, kazi ya Old Tom Morris ya 1895 licha ya jina lake, ndiyo ningekupeleka kwanza. Kisha Crail, klabu ya tangu 1786, upepo wake utakusahaulisha tope lako lote.

Na upepo ndio raha yenyewe. Kuna siku unapiga draiva (fimbo ya masafa marefu) na mpira unarudi kukusalimia. Kesho yake shimo hilohilo unafika kwa aini 7. Unajifunza kupiga chini: mpira karibu na mguu wa nyuma, mikono mbele, nusu bembea ya fimbo, mpira unapita usawa wa bega na kukimbia. Karibu na griini weka wedji begini, toa pata, fimbo ya kuviringishia, hata ukiwa hatua ishirini nje. Vijana wanacheka, wacha wacheke, wewe unaokota pa (idadi ya mapigo iliyopangiwa shimo).

Wageni wengi wa Afrika Mashariki huku wanashangaa jambo moja: kedi. Nyumbani tumezoea mtu wa kubeba na kusoma griini. Huku baridi utabeba mwenyewe. Chagua begi jepesi, fimbo saba au nane zinatosha, na kwa kweli unacheza vizuri zaidi ukiwa na chache.

Kipara Moto

"Mpira unarudi kukusalimia" halafu mnaita raha. Nimeishi Aberdeen, nilicheza siku moja ya Januari, machozi yalikuwa yanaganda. Mtu na akili zake alipe nauli kwenda kuteseka? Mchovu, kaa ndani, nunua mkeka wa pata uweke sebuleni.

Tabibu wa Viungo

Mimi ni mfiziotherapia, nataka kuzungumzia vidole na mavazi maana wengi wanakosea.

Usivae koti moja zito. Vaa nguo ya ndani inayobana isiyo ya pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu sweta nyepesi ya sufu, juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua linaloruhusu mabega kuzunguka. Jaribu bembea dukani kabla hujalipa. Kofia ya sufu ifunike masikio. Glavu za baridi ni za mikono miwili, na kati ya mapigo vaa zile kubwa za kufunika vidole pamoja, zenye kifuko cha joto ndani. Kwa vidole vyako hiyo ni lazima.

Hicho kifuko cha joto ni cha mikono tu! Usitie mpira humo. Kanuni ya 4.2 inakataza mpira uliopashwa moto makusudi. Kuna watu wanafanya kwa utani kisha wanajikuta wameondolewa mashindanoni.

Kabla ya tii ya kwanza tembea haraka dakika kumi, zungusha mabega na kiuno, mapigo matano ya nusu. Misuli baridi plus draiva ya nguvu ni wateja wangu wa Machi. Na chagua fimbo ya kupeleka mpira mbali zaidi, daraja moja juu, wakati mwingine mbili: hewa baridi ni nzito, mpira wenyewe unakuwa mgumu, na wewe umevaa kama kabichi. Mtu anayepiga aini 8 kwa ukaidi kila siku anaishia kwenye banka la mbele.

Mlinzi wa Bendera

Mbona hakuna aliyetaja Kent, kusini mashariki ya England? Kutoka Reading Scotland ni safari. Deal na Sandwich ni mwendo wa gari asubuhi, M25, ile barabara ya kuzunguka London, ikiwa na huruma. Pale kuna linksi tatu zimefuatana pwani: Royal Cinque Ports, iliyoandaa The Open (mashindano makuu ya wazi ya Uingereza) 1909 na 1920, Royal St George's, ya kwanza kuandaa The Open nje ya Scotland, 1894, na mwishoni Prince's, alikoshinda Gene Sarazen The Open ya 1932. Prince's ndiyo rahisi kwa mgeni.

Na kwa Kipara anayesema ni wazimu: pale Rye, Sussex, wahitimu wa Oxford na Cambridge wanashindania pata ya kale karibu kila Januari tangu 1920. Januari kwa makusudi. Mipira ya washindi inaning'inizwa kwenye hiyo pata.

Watu wa Rye wana siri nyingine: wawili wawili, mpira mmoja kwa kila timu, mnapiga kwa zamu. Unapiga wewe, mwenzako ameshatangulia mbele. Husimami, kwa hiyo hugandi, na raundi inaisha ndani ya masaa matatu. Handikapu 19 inapendeza sana kwenye mchezo huo ukipata mwenza mvumilivu. Kadi ya alama iache garini. Baridi ni ya kucheza shimo kwa shimo.

Mchovu wa Tope

Nashukuru sana wote. Wife kasoma uzi mzima, kakubali kwa sharti la glavu za Tabibu. Januari naanza na nyika za jirani, Februari siku mbili Kent. Mama Fife, Scotland nimeisogeza hadi Septemba, usinune.

@Mtaa wa Woking, una nafasi Jumanne yoyote?

Mama Fife

Sinuni. Ila Septemba utalipa bei ya Wamarekani.

Mtaa wa Woking

Jumanne nipo. Niandikie inbox. Asubuhi usitoke nyumbani kabla hatujapiga simu klabu. Kukiwa na sakitu tunaanza saa 5, tunacheza mpira mmoja kwa zamu kama alivyosema Mlinzi, tunamaliza mwanga upo. Beba suruali ya pili na viatu vya ndani. Jinzi kwenye chumba cha kulia hawataki, na supu yao siyo ya kukosa.